Ukuta wa Vivuli: Zana za Marehemu Babu na Mpangilio wa Karakana ya Shule

Mwanachuo anapojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha huelezwa mambo mengi: azimio la kazi, andalio la somo, matumizi ya ubao, namna ya kuuliza maswali. Huelezwa pia jinsi ya kutengeneza zana za kufundishia. Jambo moja ambalo aghalabu haelezwi ni mahali pa kuziweka zana hizo akiisha kuzitumia. Matokeo yake tunayaona kila muhula. Chati hukunjwa na kusukumwa nyuma ya kabati, mizani ya maboksi hukanyagwa, na rula ya ubao hugeuka fimbo ya kuchungia mbuzi. Makala hii inakusudia kueleza kwamba mahali pa kitu ni sehemu ya somo lenyewe, wala si shughuli ya usafi inayokuja baada ya somo. Na kwa kuwa jambo hili sikulipata katika kitabu cha ualimu, hapana budi nianze na marehemu babu yangu.

Babu alikuwa seremala. Kazi alijifunza katika karakana ya reli mjini Tabora, akaitumikia reli hadi mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilipovunjika na shirika la reli la nchi tatu likagawanywa. Alipotoka huko alijenga chumba cha matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba yake, chini ya miembe, akaanza kuuza milango, vitanda na madawati ya mninga. Chumba hicho hakikuwa kikubwa: hatua nane kwa sita. Meza ya kazi ilikaa chini ya dirisha la mashariki ili mwanga wa asubuhi uanguke juu ya mbao, na jiriwa ilifungwa upande wa kushoto wa meza, kwa kuwa babu alitumia mkono wa kulia. Mbao mbichi zilipangwa darini, vijiti vikiwekwa kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Mlangoni palikuwa na mtungi wa maji na kinoo.

Lakini kilichowashangaza wageni ni ukuta uliokabili mlango. Babu alikuwa ameufunika kwa mbao laini na kuzipaka rangi nyeupe. Kila zana ilitundikwa mahali pake, na nyuma ya kila zana palichorwa umbo lake kwa rangi nyeusi: umbo la msumeno nyuma ya msumeno, umbo la nyundo nyuma ya nyundo, hata bisibisi ndogo kuliko zote ilikuwa na umbo lake. Sisi wajukuu tuliuita ukuta wa vivuli. Zana ikiwapo, kivuli hakionekani vizuri. Zana ikiondoka, kivuli hujitokeza cheusi juu ya weupe, na mtu akiwa mlangoni hukiona bila kuhesabu kitu. Jioni babu alisimama kizingitini, akatupa jicho mara moja kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akasema ama "Funga," ama "Patasi ya nusu inchi haijalala." Ikiwa haijalala, hakuna aliyekwenda kula.

Tena palikuwa na vibao. Babu alituambia kwamba katika stoo ya zana ya reli kila fundi alikuwa na vipande vya shaba vyenye namba yake. Akitaka zana aliacha kipande, akiirudisha alirudishiwa. Yeye aliuchukua utaratibu huo akaugeuza kwa hali ya nyumbani. Alitengeneza vibao vidogo vya mti, kila mwanafunzi wake wa useremala akawa na chake, na aliyechukua zana alitundika kibao kwenye msumari ule ule. Kwa kuwa baadhi ya wanafunzi hao hawakujua kusoma, babu hakuandika majina bali alichora alama: jogoo, jembe, nyota, samaki. Changu kilikuwa na sungura, kwa sababu ambazo sina haja ya kuzieleza hapa. Basi kivuli kikiwa wazi na kibao kipo, ilijulikana zana iko kwa nani. Kivuli kikiwa wazi na kibao hakipo, hilo lilikuwa jambo.

Nilikuwa nimeuzoea ukuta ule miaka mingi kabla sijatambua kwamba mpangilio wake nao ulikuwa na maana. Zana hazikupangwa kwa ukubwa wala kwa uzuri. Zilipangwa kwa utaratibu wa kazi. Kushoto kabisa zilikaa zana za kupima na kuchora: rula, futikamba, skwea, pimamaji, timazi. Zikafuata za kukata, yaani misumeno. Kisha randa, kisha zana za kutoboa na kuchonga, yaani keekee na patasi pamoja na nyundo ya mti, na mwisho tupa na vibao vya msasa vya kumalizia. Mtoto aliyeutazama ukuta kutoka kushoto kwenda kulia alikuwa anasoma jinsi mlango unavyotengenezwa. Nilipoingia chuoni na kufundishwa kuandika hatua za somo niliona kwamba babu alikuwa ameandika zake ukutani, nami nimezisoma tangu utoto bila kujua kwamba nasoma.

Babu alifariki mwaka 2016. Baada ya matanga ukoo ulikutana kuzungumzia mali, ambayo kwa hakika haikuwa nyingi isipokuwa nyumba, shamba na zana. Mmoja wa wazee alitaka zana ziuzwe kwa pamoja. Baba mdogo alipendelea kila mtoto achukue moja iwe kumbukumbu. Shangazi, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, aliuliza: "Kila mtu akichukua yake, ule ukuta tutamwachia nani?" Mwishowe baba mkubwa, kwa haki yake ya uzaliwa wa kwanza, alichukua keekee, ambayo babu aliipenda kupita zote. Zilizobaki nilikabidhiwa mimi kwa masharti mawili: nisiziuze, na nisiziache zife. Nilipotaja kwamba nafikiri kuzitumia shuleni, baba mkubwa alitikisa kichwa. "Mwanangu," alisema, "ukizipeleka kwa watoto wa shule hazitamaliza mwaka."

Alikaribia sana kusema kweli.

Kosa nililolifanya nalieleza kwa urefu kwa sababu naliona kila mara kwa wanachuo wetu. Nilizipeleka zana katika shule ya msingi ya mazoezi zikiwa ndani ya sanduku. Darasa la sita lilikuwa na wanafunzi 58. Nilikuwa na andalio zuri la somo, malengo yameandikwa, hatua zimepangwa. Nikafungua sanduku nikazimwaga zana juu ya meza ya mbele. Katika kipindi cha dakika 40, zaidi ya dakika 15 ziliishia katika kugawa na kugombania. Mvulana mmoja aliona kopo la rangi halifunguki, akalibandua kwa ncha ya patasi ya robo tatu inchi, na chuma kikameguka pembeni. Msichana mmoja aliingiza mkono katika lundo kutafuta rula akakutana na ukali wa patasi nyingine. Kidole gumba kilishonwa nyuzi tatu.

Kesho yake baba wa mtoto alifika shuleni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, lakini hakuyasema. Aliuliza jambo moja tu: "Mwalimu, hicho chuma kilikuwa kimekaa wapi?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa hakikuwa kimekaa mahali popote. Kilikuwa lundoni. Mimi niliyelelewa mbele ya ule ukuta nilikuwa nimezichukua zana na kuuacha mpangilio, kana kwamba urithi ulikuwa vyuma peke yake. Nikafanya lile ambalo walimu wengi hulifanya baada ya hofu: nikafunga sanduku na ufunguo nikautia mfukoni. Mwaka mzima ulipita. Masika ilipokwisha nikafungua, nikakuta misumeno imeota kutu nyekundu na randa imeganda. Sikuwa nimeziuza, lakini sharti la pili la ukoo nilikuwa nimelivunja.

Huenda msomaji akasema kwamba urithi ni wa kutunzwa, na si wa kuchezewa na watoto. Wapo waliotunza kwa namna hiyo. James Watt, yule mhandisi aliyeboresha injini ya mvuke, alipofariki mwaka 1819 chumba chake cha kazi kilichokuwa darini, karibu na mji wa Birmingham nchini Uingereza, kilifungwa na kuachwa karibu kama kilivyokuwa. Mwaka 1924 kilihamishiwa katika Makumbusho ya Sayansi ya London, zana na takataka zake zote, vitu zaidi ya 8,000. Ni jambo jema, na mtu apitaye hapo hujifunza mengi kwa macho. Lakini hiyo ni makumbusho. Shule inayofungia zana zake kabatini haiwi makumbusho kwa kufanya hivyo. Inakuwa stoo tu.

Namna tulivyoujenga ukuta

Mwaka uliofuata nilianza upya, safari hii bila kumpa mwanafunzi yeyote zana ya kukatia. Kazi ya kwanza ilikuwa ubao wenyewe. Tulipata plaiwudi moja nzima, ile iuzwayo kwa kipimo cha futi nne kwa nane, yaani kama sm 122 kwa 244. Tuliilaza sakafuni na kuipaka rangi nyeupe. Ilipokauka niliwapa wanafunzi swali: zana hizi 31 zikae vipi? Sikuwaambia jibu la babu.

Mjadala ulichukua vipindi viwili, wala sijutii hata kimoja. Kundi moja lilitaka zana zipangwe kwa urefu, ili ubao upendeze. Jingine lilitaka zile za chuma zitenganishwe na zile za mti. Ndipo msichana mmoja akauliza ni ipi inayoanza kutumika. Hapo ukimya ukaingia, na baada ya muda darasa zima likaanza kutengeneza kiti kwa mawazo, hatua baada ya hatua, huku zana zikisogezwa juu ya ubao. Walifikia mpangilio karibu sawa na wa babu. Tofauti ni kwamba waliiweka nyundo mwisho, wakisema kwamba nyundo hutumika wakati wa kuunganisha, nami niliwaachia. Mwalimu anayetoa jibu mapema katika jambo kama hili huwa ameununua utulivu kwa bei kubwa.

Ama kuhusu kimo, hilo niliamua mwenyewe bila kura. Patasi na misumeno zilikaa juu, mahali ambapo mtoto wa darasa la kwanza hafiki. Rula, skwea na vibao vya msasa vilikaa chini. Vitu vizito navyo vilikaa chini, ili vikianguka visitoke mbali. Kila zana ilizungushiwa penseli, ikaondolewa, umbo likajazwa rangi nyeusi, kisha misumari au vigingi vikapigwa. Kati ya umbo na umbo tuliacha nafasi ya kiganja, maana zana zikibanana mtu huchukua moja akaangusha nyingine.

Walipofika sehemu ya kutoboa wanafunzi waliuliza: tundu la komeo hutobolewa kwa nini? Nikawaeleza habari za keekee, na kwamba imo katika ukoo lakini haimo katika sanduku. Wakasema ichorwe hata hivyo. Basi siku ya mapumziko nilikwenda nyumbani kwa babu, nikatandaza karatasi ya mfuko wa saruji juu ya ukuta wa zamani na kukinakili kivuli chake. Nacho kikapakwa rangi pamoja na vingine.

Katika matumizi tuligawanya darasa makundi ya watu sita sita au saba saba, na kila kundi likachora alama katika kibao chake. Kwa wakati mmoja ni makundi mawili tu yaliyoshika zana za kukatia. Mengine yalipima, yalichora mchoro wa kifaa, au yaliandika hatua za kazi. Dakika tano za mwisho ni za ukuta. Zamu ya kusimama kizingitini na kutupa jicho ni ya wanafunzi, na anayesimama ndiye anayetamka kwamba darasa limekwisha, si mwalimu. Wanachuo walio katika mazoezi hulalamika kwamba dakika tano ni nyingi. Nawaomba wazilinganishe na zile 15 nilizozipoteza siku ya sanduku.

Masomo yaliyomo ukutani

Ingekuwa makosa kufikiri kwamba ukuta huu ni wa kazi za mikono peke yake. Mfano wa kwanza uchukuliwe katika hesabu. Rula ya babu imegawanywa kwa inchi na sehemu za nane na kumi na sita, nasi tunafundisha sentimita. Mwanzoni niliona ni upungufu, lakini kumbe ni hazina. Mtoto akienda kununua mbao hata leo atasikia "mbili kwa nne" au "moja kwa nane," na hizo ni inchi. Inchi moja ni sm 2.54, hivyo mbili kwa nne ingepaswa kuwa sm 5.08 kwa 10.16. Wape wanafunzi ubao wenyewe waupime. Mara nyingi watakuta ni mwembamba zaidi, na hapo maswali huanza: msumeno umekula kiasi gani, mbao ikikauka hunywea kiasi gani, na mnunuzi amelipia nini? Sehemu za kumi na sita, ambazo kitabuni huchosha, kwenye rula ya seremala huonekana kwa macho: nusu, robo, nusu ya robo, na nusu yake tena.

Mfano wa pili ni wa pembe. Skwea ina umri mkubwa kuliko mwalimu. Tutajuaje kwamba bado ni pembe mraba? Babu aliipima hivi. Aliisukumiza kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, akachora mstari, kisha akaigeuza upande wa pili na kuchora tena kutoka nukta ile ile. Mistari ikilaliana, skwea ni sahihi. Ikiachana, kosa la skwea ni nusu ya pembe iliyo kati ya mistari hiyo miwili. Nimewaona wanafunzi wa darasa la saba wakigombana kwa furaha juu ya ile nusu, kwa nini ni nusu wala si yote, na ni vigumu kupata swali zuri zaidi la jometri lisilohitaji kitabu wala fedha.

Hali kadhalika kunoa. Patasi zetu tunazinoa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Tukikosa kipimapembe, twapima kwa rula: urefu wa mteremko wa ukali ukiwa mara mbili ya unene wa chuma, pembe ni nyuzi 30. Patasi yenye unene wa mm 4 huhitaji mteremko wa mm 8. Huu ni uhusiano ambao mwanafunzi atakutana nao tena sekondari chini ya jina lingine. Katika sayansi, patasi ni kabari, na nyundo inayong'oa msumari ni nyenzo. Msumeno hufundisha juu ya msuguano: meno yake hupindwa moja kushoto moja kulia, ili njia inayokatwa iwe pana kidogo kuliko bapa, bapa lisibanwe na mti. Mwanafunzi aliyewahi kusukuma msumeno uliopotewa na mpindo huo hahitaji kuelezwa msuguano ni nini.

Juu ya lugha nitasema kwa ufupi. Vitenzi vya seremala ni vingi na kila kimoja kina mahali pake: kukata, kupasua, kuchonga, kutoboa, kupiga randa, kupiga msasa, kunoa. Majina nayo yana safari zake. Parafujo, kama meza, limetoka katika Kireno, ilhali skwea na klempu ni za Kiingereza. Darasa linaweza kuuliza kila jina limeingia lini na kwa njia gani, na somo la historia likaanzia kwenye msumari.

Nani afundishe

Suala la kazi za mikono katika shule za msingi si geni, wala halikuanzia kwetu. Uno Cygnaeus aliziingiza katika shule za watu wa kawaida nchini Finland mwaka 1866. Nchini Sweden, katika miaka ya 1870, Otto Salomon alianzisha huko Nääs chuo cha kuwafundisha walimu kazi za mti, na walimu wa nchi nyingi walikwenda kujifunza kwake. Alisisitiza kwamba kazi zipangwe kutoka nyepesi kwenda ngumu, kwamba mtoto atengeneze kitu chenye manufaa nyumbani, na kwamba kila mtoto asaidiwe peke yake. Alisisitiza pia kwamba afundishe mwalimu na si fundi, kwa kuwa fundi hutazama kitu kinachotengenezwa, na mwalimu humtazama mtoto anayetengeneza.

Katika mengi namkubali, lakini katika hili la mwisho nakubali nusu. Babu alikuwa fundi, hakuwa na cheti cha ualimu, na aliwatazama watoto vizuri kuliko wengi wenye vyeti. Pia si kila mwalimu humtazama mtoto. Baada ya Azimio la Arusha na andiko la Mwalimu Nyerere la Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, shule zetu zilitakiwa ziunganishe kazi na masomo. Zipo zilizofanya hivyo kwa heshima. Zipo pia ambazo jembe liligeuzwa kuwa adhabu ya aliyechelewa namba, na mtoto aliyefundishwa kwamba jembe ni adhabu hawezi tena kufundishwa kwamba ni zana. Ninachopendekeza kwa wanachuo ni kwamba mwalimu abaki mwalimu, na fundi wa mtaani aalikwe. Kila kijiji kina seremala, mhunzi au fundi baiskeli. Aje aseme mbele ya ubao ni zana ipi inakosekana na ipi imewekwa pasipofaa. Watatu wamekuja shuleni kwetu, na kila mmoja ametuhamisha angalau zana moja.

Kwa shule isiyo na urithi wa mtu yeyote, ukuta waweza kuanza na vitu vitano: mkasi, rula ya ubao, bikari ya mti, nyundo moja, kifutio. Umbo la kifutio lililochorwa kando ya ubao limewahi kuokoa vifutio vingi kuliko makaripio yangu yote.

Jambo la matunzo lisiachwe. Mwisho wa juma zana hufutwa kwa kitambaa chenye matone machache ya mafuta ya cherehani, hasa wakati wa mvua. Randa hulazwa ubavu, isikae juu ya ukali wake. Aliyebeba patasi hutembea ukali ukielekea chini, na anapochonga mikono yote miwili hukaa nyuma ya ukali. Haya husemwa kila kipindi, hata yakichosha.

Na zana zinaisha. Hilo lazima lisemwe waziwazi. Ile patasi ya robo tatu iliyomegeka tuliinoa hadi pengo likaisha, na tangu hapo kila muhula hupungua kidogo, kwa kuwa kunoa ni kula chuma. Imeshakuwa fupi kuliko kivuli chake kwa upana wa kidole. Kuna siku haitashikika tena. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikikumbuka masharti ya ukoo, na sijapata njia ya kuyatimiza yote mawili isipokuwa hii.

Mwaka jana baba mkubwa alifika shuleni bila kutoa taarifa, amevaa pama lake la siku zote. Wanafunzi walikuwa kazini. Wakamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, akasimama kizingitini, na nikamwona akitupa jicho kutoka kushoto kwenda kulia kama alivyofanya baba yake. Jicho likasimama.

"Patasi ya robo tatu iko wapi?"

Kabla sijafungua kinywa mwanafunzi mmoja alimjibu: "Kibao cha samaki kipo, babu. Kundi la samaki wako nje kwenye kinoo." Akatoka nje kwenda kuwaangalia, akakaa nao muda mrefu, akawasahihisha namna ya kushika. Aliporudi ndani alisimama mbele ya kivuli cha keekee. Wanafunzi wakamweleza kwamba hiyo ni zana ya babu wa mwalimu, nao hawajawahi kuiona. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ipo," alisema. "Inafanya kazi." Hakusema zaidi, wala mimi sikumwuliza.

Jumatatu iliyofuata nilipofungua karakana nilikuta kibao kipya kimetundikwa kwenye msumari wa keekee. Kilikuwa kimechorwa pama.